Hoja ya Silver inakatikia mstari gani ikifika ℵ_ω?

MwalimuChaki

Salaam nyote. Nafundisha hisabati kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa 22 kazini. Seti za darasani ni zile za michoro ya Venn: wanafunzi 40, wanaocheza mpira 25, wanaocheza netiboli 18, wangapi wanacheza yote mawili. Lakini usiku, nyumba ikishatulia, nina kauntabuku ya kwaya tatu ambayo haina mchoro hata mmoja wa Venn. Humo najifunza seti zisizo na ukomo, mstari kwa mstari. Sasa ni wiki ya tatu niko ukurasa uleule, na hapa nilipo sina wa kumuuliza.

Kwa ambao hawajafika huku, niseme kidogo. ℵ₀ ni ukubwa wa seti ya namba za kuhesabia, ℵ₁ ndio unaofuata, kisha ℵ₂, na kuendelea. Ukubwa wa namna hii unaitwa kadinali, na alama ℵ inasomwa alefu. ω ni nafasi (odinali) ya kwanza baada ya namba zote za kuhesabia, na ω_α ni odinali ya kwanza iliyo na nafasi ℵ_α chini yake. Ukishazipita zote hizo unakutana na ℵ_ω, ambayo haina kingine chini yake ila hizo ngazi zilizorundikwa. Idadi ndogo kabisa ya hatua zinazotosha kukufikisha juu ya kadinali ndiyo kofinaliti yake. Kadinali isiyofikiwa kwa hatua chache kuliko ukubwa wake, kama ℵ₁, inaitwa regula. Inayofikiwa inaitwa singula. ℵ_ω ni singula, unaifikia kwa hatua zinazohesabika. ℵ_(ω₁) nayo ni singula, ila hatua zake ni ω₁, hazihesabiki.

Mwaka 1974 Jack Silver alithibitisha jambo lililowashangaza wataalamu (2^ℵ_α ni idadi ya seti ndogo zote, yaani zilizomo ndani, za seti yenye ukubwa ℵ_α): kama 2^ℵ_α = ℵ_(α+1) kwa kila α iliyo chini ya ω₁, basi 2^ℵ_(ω₁) nayo haina hiari, ni lazima iwe ℵ_(ω₁+1). Nimeunakili uthibitisho wa kikombinatoria wa jambo hilo hivi. Chukua X, seti ndogo ya ω_(ω₁), na kwa kila α ukate kipande cha X kilicho chini ya ω_α. Vipande vya aina hiyo viko ℵ_(α+1) tu, kwa hiyo vipe namba, na f_X(α) iwe namba ya kipande cha X. X na Y zikitofautiana, vipande vyao vikishaachana mahali fulani haviungani tena. Basi kazi yote ni kuhesabu fanksheni zinazoachana namna hiyo. Hatua ya msingi ni pale f(α) inapokuwa chini ya ω_α kila mahali. Kwenye α ya kikomo, yaani isiyo na nafasi ya mara tu kabla yake, f(α) inaangukia chini ya ω_β fulani, β ikiwa chini ya α. Lema ya Fodor inasema kuna β moja inayojirudia mahali pengi, kwa hiyo f imefungiwa chini ya ω_β moja. Fanksheni za namna hiyo ni chache, hazizidi ℵ_(ω₁). Kutoka hapo kupanda ngazi moja hadi ℵ_(ω₁+1) si kazi kubwa.

Kisha nikafungua ukurasa mpya nikaandika yote upya, kila penye ω₁ nikaweka ω. Kwa macho yangu kila mstari umekaa. Lakini najua haiwezekani, kwa sababu mwaka 1977 Menachem Magidor alionyesha, akianzia na kadinali kubwa mno (zile ambazo aksiomu za kawaida za seti haziwezi kuthibitisha kuwa zipo), kwamba yawezekana 2^ℵ_n = ℵ_(n+1) kwa kila n na bado 2^ℵ_ω ikawa ℵ_(ω+2). Kwa hiyo mstari wangu mmoja ni wa uongo. Tafadhali msiniambie "ni kwa sababu kofinaliti ni ω". Hilo nalijua. Naomba mstari wenyewe.

Na la pili, kama mtu ana nafasi: kwa nini wanaoshughulika na Mraba wa Jensen wanahangaika na ℵ_(ω+1) kuliko ℵ₂? Zote si kadinali zinazofuata mara tu baada ya nyingine?

BintiUnguja

Shikamoo Mwalimu. Swali lako limenirudisha nyuma miaka sita, nikisoma shahada ya pili, nilipokwama palepale ulipokwama wewe. Aliyekuwa ananisimamia hakunieleza kitu. Alinipa chaki akaniambia niandike ubaoni klabu mbili ndani ya ω zisizokutana. Nilisimama pale dakika kumi nzima. Na mimi nakuomba usisome mbele kwanza. Klabu, kama unavyojua, ni seti inayopanda bila kuishia njiani, na ambayo kila mahali hatua zake zinaporundikana chini ya kilele, mahali hapo pamo ndani yake. Haya, zipate mbili ndani ya ω.

Ni namba shufwa na namba witiri.

Zote mbili zinapanda bila mwisho. Zote mbili zimefungwa, kwa sababu chini ya ω hakuna mahali hata pamoja ambapo hatua zinarundikana, basi sharti la kufungwa halina cha kudai. Na hazikutani popote. Sasa jaribu hivyo ndani ya ω₁. Chukua klabu mbili, A na B. Panda kwenye A, kisha ruka juu zaidi kwenye B, kisha A, kisha B, kama mtu anayepanda ngazi mbili kwa zamu. Baada ya hatua zinazohesabika unafika mahali ambapo zamu zote zinarundikana. Mahali hapo bado pako chini ya ω₁, kwa sababu ω₁ haifikiwi kwa hatua zinazohesabika. Pamo ndani ya A kwa kuwa A imefungwa, na pamo ndani ya B kwa sababu hiyohiyo. Klabu mbili za ω₁ haziwezi kukwepana. Hii ndiyo tofauti yote, Mwalimu, na naomba uiandike juu kabisa ya ukurasa wako. Lema ya Fodor haina nguvu nyingine ya siri zaidi ya hiyo.

Twende kwenye mstari wako. Umevunja sehemu mbili, na ya kwanza imekuficha ya pili.

Ya kwanza ni pale unaposema "kwenye α ya kikomo". Ukiweka ω badala ya ω₁, α zako ni 1, 2, 3, 4, na katika hizo hakuna ya kikomo hata moja. Kwa hiyo f(n) kuwa chini ya ω_n hakuishushi chini ya ω_(n−1). Mtu mwenye bidii atasema: basi nabadilisha ngazi, nataka f(n) iwe chini ya ngazi iliyotangulia. Sawa, tumpe hilo. Ndipo ya pili inapojitokeza. Andika hii kwenye kauntabuku yako: f(1) = 0, na kwa n kuanzia 2, f(n) = ω_(n−2). Hiyo iko chini ya ω_(n−1) kila mahali, inashuka kama ulivyotaka. Lakini nionyeshe m moja ambayo ω_m inaifungia f kwenye n zisizo na mwisho. Haipo. Ukiipa f jina la ngazi inayoikalia, unapata n ↦ n−1, fanksheni inayoshuka kila hatua na ambayo haijirudii hata mara mbili. Fodor (lema ni ya 1956) anakataza kitu cha namna hiyo ndani ya ω₁. Ndani ya ω ni mtoto wa shule anayehesabu kurudi nyuma.

Kwa nini Fodor anakataza kule juu? Tuseme kila β imechaguliwa na α chache, chache kwa maana kwamba kuna klabu C_β inayowakwepa wote waliomchagua β. Kusanya klabu hizo kwa mshazari: chukua α zilizo ndani ya C_β kwa kila β iliyo chini ya α. Mkusanyiko huo nao ni klabu, kwa hoja ileile ya kupanda kwa zamu, sasa ngazi zikiwa nyingi. Chagua α ya kikomo humo. Yeye amemchagua nani? Si β yoyote iliyo chini yake, maana yumo ndani ya zote zinazokwepa. Lakini alilazimika kuchagua. Basi kuna β ambayo wanaoichagua hawakwepeki. Seti ya namna hiyo, inayokutana na kila klabu, mimi naiita seti isiyokwepeka. Sijaona jina la Kiswahili lililozoeleka, nalo hili linasema kazi yake.

Kuna jambo la kihistoria ambalo nadhani litakupa faraja. Agosti 1904, kwenye kongamano la kimataifa la wanahisabati mjini Heidelberg, Gyula König kutoka Budapest alisimama akatangaza kwamba ukubwa wa mstari wa namba halisi si alefu yoyote. Cantor mwenyewe alikuwepo ukumbini. Hoja ya König ilikuwa safi isipokuwa mahali pamoja: alitumia kanuni ya Felix Bernstein kwamba ℵ_α^ℵ₀ = ℵ_α · 2^ℵ₀, na kanuni hiyo inaanguka α inapokuwa ω. Yaani kosa lilikaa kwenye ℵ_ω, mtaa uleule ulipokwama wewe. Kilichobaki kizima baada ya kosa kuondolewa bado tunakitumia kila siku: kofinaliti ya 2^κ ni kubwa kuliko κ, kwa hiyo 2^ℵ₀ haiwezi kuwa ℵ_ω. Inaweza kuwa ℵ₁, inaweza kuwa ℵ₂, inaweza kuwa ℵ_(ω+1). ℵ_ω, hapana.

Na usidhani kwamba Magidor akishaonyesha ℵ_(ω+2) basi ni holela hadi mbinguni. Saharon Shelah alithibitisha, bila aksiomu ya ziada yoyote, kwamba kama 2^ℵ_n iko chini ya ℵ_ω kwa kila n, basi 2^ℵ_ω iko chini ya ℵ_(ω₄). Kuanzia chini imeonyeshwa, kwa msaada wa kadinali kubwa, kwamba inaweza kufika ℵ_(α+1) kwa α yoyote inayohesabika. Kati ya ω₁ na ω₄ pako wazi mpaka leo. Mimi napenda sana matokeo hayo, kwa sababu yanatoka mahali ambapo Fodor hayupo kabisa. Shelah alilazimika kuacha kuhesabu seti ndogo akaanza kupima ni fanksheni ngapi zinatosha kuzipita nyingine zote, na kipimo hicho hakitikisiki hata ulimwengu wa seti ukibadilishwa sana.

FundiNgazi

Mwalimu, salaam kutoka Mombasa. Binti amemaliza la kwanza, mimi nishike la pili.

Mraba wa κ ni hivi (κ⁺ ni kadinali inayofuata mara tu baada ya κ). Kwa kila odinali ya kikomo α chini ya κ⁺ unapewa ngazi C_α, klabu ndani ya α, urefu wake hauzidi κ. Sharti ni moja: ukipanda C_α ukafika mahali β ambapo vidato vyake vinarundikana, basi sehemu uliyokwisha kuipanda ndiyo C_β yenyewe. Si inayofanana nayo, ni hiyohiyo. Mwaka 1972 Ronald Jensen alionyesha kwamba ndani ya L, ulimwengu wa Gödel wenye seti zile tu zinazojengwa hatua kwa hatua, ngazi hizi zipo kwa kila κ.

Faida yake uione kwa mfano mmoja. Chukua S, seti isiyokwepeka ndani ya κ⁺. Kwa α zilizo juu ya κ, urefu wa C_α hauzidi κ, kwa hiyo uko chini ya α. Hiyo ni fanksheni inayoshuka! Fodor anakupa S′ ndani ya S, nayo haikwepeki, ambamo ngazi zote zina urefu mmoja. Sasa tuseme S′ inaakisi kwenye γ, yaani hata ukiikata hapo γ kipande kinabaki hakikwepeki ndani ya γ. Mahali pa mrundikano kwenye C_γ ni klabu ndani ya γ, basi S′ inakutana napo angalau mara mbili, α na juu yake β. Kwa sharti la Mraba, C_α ni C_γ iliyokatwa α, na C_β ni C_γ iliyokatwa β. Hizo mbili haziwezi kuwa na urefu mmoja, moja imo ndani ya nyingine na kukatika mapema. Lakini zilichaguliwa kwa kuwa na urefu mmoja. Kwa hiyo S′ haiakisi popote. Mraba ukiwepo, kuna seti zisizokwepeka zinazotoweka kila unapozitazama kutoka chini.

Sasa tofauti ya ℵ₂ na ℵ_(ω+1). Kuuvunja Mraba wa ω₁ gharama yake inajulikana kabisa: kadinali moja ya Mahlo, aina mojawapo ya kadinali kubwa. Unaichukua hiyo Mahlo, unaiporomosha kwa fosingi (mbinu ya kupanua ulimwengu wa seti kwa vipande vidogo vya habari viitwavyo masharti) mpaka inakuwa ℵ₂, kwisha. Mtu angesema tufanye hivyohivyo juu ya ℵ_ω: chukua kadinali kubwa, iporomoshe iwe ℵ_(ω+1), ukitumia masharti madogo kuliko ℵ_ω. Ukifanya hivyo ℵ_ω yenyewe inaporomoka mikononi mwako na kuwa inayohesabika, kwa sababu masharti hayo hayavumilii hata hatua ω. Na si suala la kukosa ufundi. Theoremu ya ufunikaji ya Jensen inasema kwamba kama 0♯ (seti maalumu inayoonyesha kwamba L iko mbali na ulimwengu kamili wa seti) haipo, basi kwa kila kadinali singula κ, L inajua κ⁺ ni ipi bila kukosea. Ngazi za L za kadinali hiyo basi ni ngazi zetu pia, Mraba umeshasimama, hukuombwa ruhusa. Kuuondoa kunadai kadinali zilizo juu mno ya Mahlo. Solovay alionyesha kwamba juu ya kadinali superkompakti, aina iliyo juu sana ya Mahlo, Mraba hausimami popote, na mwaka 1982 Magidor alianza na superkompakti zisizo na ukomo akapata ulimwengu ambamo kila seti isiyokwepeka ya ℵ_(ω+1) inaakisi.

Ndiyo maana tunahangaika huko. ℵ₂ inakubali kujengwa upya kutoka chini. ℵ_(ω+1) inakumbuka.

BintiUnguja

Niongeze neno kwa FundiNgazi, maana Almasi ya Jensen (kanuni nyingine yake, ya kukisia seti ndogo za kadinali kipande kwa kipande) ina tabia yake tofauti. Huko, Shelah alithibitisha katika makala iliyochapishwa 2010 kwamba kwa λ yoyote isiyohesabika, 2^λ = λ⁺ peke yake inatosha kuleta Almasi kwenye kila seti isiyokwepeka ya λ⁺ ambayo odinali zake zina kofinaliti tofauti na ya λ. Tazama inabagua nani: kofinaliti ya λ yenyewe. Kwa ℵ_(ω+1) wanaobaki nje ni wale wa kofinaliti ω. Daima mlango unaobaki wazi ni huohuo.

MwalimuChaki

Marahaba mwanangu, na ahsante sana Fundi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza niandike kila kitu kwa mkono wangu.

Shufwa na witiri! Nimezifundisha tangu nianze kazi na sikuwahi kudhani zinaweza kuniangushia theoremu. Jumanne niliwauliza kidato cha tano, bila kuwaambia ni kwa ajili ya nini: nipeni seti mbili za namba za kuhesabia, zote hazina mwisho, zisizokutana. Binti mmoja wa dawati la nyuma alijibu kabla sijamaliza kuandika swali ubaoni. Nikawaambia kuna mahali pa juu ambapo jibu kama hilo haliwezekani tena, ukizidai ziwe zimefungwa. Kipindi kilikuwa cha dakika 80. Zilizobaki zote zikaisha kwa maswali yao, na Venn tumeisogeza Alhamisi.

Mfano wa f(n) = ω_(n−2) nimeuweka kwenye ukurasa wangu wa uongo, kwa wino mwekundu, pembeni ya mstari wenyewe. Nimeukagua kwa n = 2, 3, 4 na 5 ili mkono uzoee: ω₀, ω₁, ω₂, ω₃, kila moja chini ya ngazi yake, na hakuna dari.

Hoja ya Fundi juu ya kuakisi ilinipa tabu usiku wa juzi. Niliiandika nikiweka "γ yoyote ya kikomo" na nikaona inapita vizuri mno, nikashuku. Nikajaribu γ ambayo C_γ yake ina urefu ω. Ngazi hiyo haina mrundikano hata mmoja njiani, kwa hiyo ile "klabu ya mahali pa mrundikano" ni seti tupu, na α na β za kukamatana hazipatikani. Basi naelewa kwamba γ lazima iwe na kofinaliti isiyohesabika, na kwamba Fundi aliliacha kwa kuwa kwenu ni la kawaida. Je, nimeelewa sawasawa?

FundiNgazi

Sawasawa kabisa, Mwalimu, na nilipaswa kuliandika. Tukisema seti inaakisi kwenye γ, γ huwa ya kofinaliti isiyohesabika. Ukiruhusu ω, utazikuta shufwa na witiri zinakusubiri ndani ya γ.

MwalimuChaki

Nimeshaongeza mstari. Bado nina kurasa 31 kwenye kauntabuku hii. Naanza kuzihesabu fanksheni zinazozipita nyingine, kwa ℵ₁, ℵ₂, ℵ₃ na kuendelea, kama Binti alivyodokeza. Nikikwama nitaandika hapahapa.